Mfagia Mawingu wa Miao Erniang

Mvua iling'ang'ania kijiji kama mgeni asiyejua kuaga, na ngano ya Miao Erniang ililala uwanjani, miganda kwa miganda, chini ya mikeka iliyokwisha kulowa. Kila asubuhi aliingiza mkono na kupapasa. Ikichipua yote, yeye na mumewe wangekula upepo mpaka mtama uive.

Dawa ya mvua kila mwanamke wa bonde lile aliijua. Unakata umbo la mwanamke mwenye ufagio, unamning'iniza upenuni, naye anafagia mawingu. Shida ni kwamba enzi zile walikata majani. Mfagiaji wa Erniang, wa jani la boga, alianza kazi kwa bidii asubuhi, na kufika mchana alikuwa amejikunja hoi, ufagio umemlalia miguuni.

Jirani yake Bi Kang, mjanja yule, alikata wake kwa ngozi ya mbuzi. Kwa juu ya ukuta mrefu wa udongo uliotenga nyua zao, Erniang alimwona mwanamke huyo wa ngozi amesimama kidete upenuni kwa jirani, ufagio umeelekezwa huku kwake.

"Wee Bi Kang! Mgeuze huyo mwanamke wako! Ananirundikia mawingu yenu yote!"

"Nimgeuze aelekee wapi, kwa mama mkwe wangu upande wa pili?" sauti ya Bi Kang ikajibu nyuma ya ukuta. "Wako alipokuwa anafagia kuja kwangu ulinyamaza. Leo kalala, ndiyo umekumbuka ujirani?"

Erniang aliingia ndani akiwaka. Juu ya sanduku palikuwa na dawa ya tumbo ya mumewe, Dagu, ambayo mganga wa sokoni alikuwa ameifunga kwa karatasi. Karatasi! Siku zile ilikuwa kitu kigeni, cha makarani. Haikuwa jani hata inyauke. Akamwaga unga wa dawa bakulini, akashika mkasi.

Karatasi ilikuwa pana na mkasi ulikuwa mdogo, basi akaikunja katikati, akakata kwa hasira: shungi, pua, sketi, ufagio. Alipoikunjua, akaguna. Wanawake wawili! Wameshikamana mgongo, mmoja anafagia kulia, mwenzake kushoto. Kuwatenganisha ni kuwachana, na karatasi ndiyo ilikuwa imekwisha.

Dagu alitazama huku akila uji aliounyunyizia ule unga wa bakulini. "Mke wangu, sasa hawa wako upande wa nani? Halafu hii tangawizi ya bakulini mbona chungu?"

"Kula tu," alisema Erniang bila kugeuka. "Inafaa kwa tumbo."

Akawatundika upenuni. Mmoja alielekea kwa Bi Kang, safi kabisa. Mwingine alielekea moja kwa moja kwenye ngano. Akawageuza, yakawa yale yale. Palibaki mahali pamoja tu pa kuwaweka: juu ya ukuta, ambapo kila mmoja, akifagia toka katikati kwenda nje, angeyasukuma mawingu mbali na nyua zote mbili. Kumnufaisha Bi Kang kulimuuma kuliko njaa, lakini ngano ni ngano. Akachukua kofia ya Dagu ya kuwafunika wasilowe, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda.

Kule juu akaona uwanja wa jirani. Ngano ya Bi Kang ilikuwa imeanza kuota kijani pembeni, na mwenyewe alikuwa amepiga magoti matopeni, mkono umezama chini ya mkeka, akipapasa. Erniang aliona haya, haya ya kweli.

"Nilidhani yako imekauka," alisema.

"Ikauke kwa nini?" Bi Kang alifuta pua. "Ngozi nayo imelegea. Hebu shusha kamba, nikupe mti wa kuwafungia. Usiwapindishe! Wangu anainama!"

"Wako yupi? Wote wangu!"

"Anayeelekea kwangu ni wangu, shoga, usinichekeshe."

Walibishana juu ya kofia, fundo na mti, hadi Erniang akakiona kivuli chake mwenyewe ukutani. Jua lilikuwa limetoka. Bi Kang akaanza kulia.

Ngano iliyopona waliianika pamoja. Ile iliyochipua waliisaga wakapika mikate ya mvuke, mitamu ajabu, wakaila juu ya ngazi ambayo hakuna aliyeiondoa.

"Mwakani mvua itarudi," alisema Bi Kang akitafuna. "Na karatasi tutaipata wapi?"

Erniang alifikiri. "Tuombe Mungu Dagu aumwe tumbo."

Dagu, ambaye tangu ile tangawizi hakuwa akikaa mbali na choo, aliwasikia vizuri sana.