Shanta Lililoshonewa Mgongoni

Gwanda alikuwa na mdomo mchafu, lakini mikono yake ilikuwa na adabu. Ukimpelekea mkanda wa askari au chupa ya maji iliyotoka vitani, kwanza atakutukana kwa kukiacha kitu cha watu kipate ukungu, halafu atakinyanyua kama anayepokea mtoto mchanga, akigeuze nje ndani, akinuse, mwishowe akwambie kilitoka jeshi gani. Mihuri hakuitazama. "Muhuri hata mimi napiga," alizoea kusema. "Nionyeshe mshono." Jina la Gwanda alipewa kwa sababu duka lake lote lilikuwa magwanda, mashanta na viatu vya watu waliokwisha kufa. Mkewe alimtania kwamba siku akifa hatazikika, maana sanda ataamka airudishe kwa muuzaji aulize imetoka wapi.

Kilichomwingiza kwenye kazi hiyo, hata mkewe hakukitania. Wakati wa vita, askari waliokuwa wakirudi nyuma walipita mtaani kwao wakikamata vijana wa kuwabebea mizigo. Wabebaji walikuwa wakitupa mizigo na kutoroka, basi wale mabazazi wakapata akili: walikata bizimu za kufungia mikanda ya mashanta, wakaikutanisha mikanda kifuani na kuishona mtu akiwa ndani yake. Mama yake Gwanda alikuwa fundi magodoro. Walimkuta uani na shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, wakamwambia amshone mwanawe wa kwanza. Mmoja wao alimwekea kijana mtutu kisogoni.

"Ukilegeza uzi, namfumua ubongo," alisema.

Mama alishona. Alikaza kila mshono, kwa sababu mshono uliolegea ungemuua mwanawe palepale. Gwanda, mtoto wa kaptura wakati huo, aliona yote akiwa amejibanza nyuma ya lundo la magodoro.

"Mama," kaka yake alisema huku akisukumwa nje, "nikirudi utanifumua."

Hakurudi, na mama hakulia. Alisema hawezi kumlilia mtu bila kujua amelala wapi. Miaka ilikwenda, akazeeka, macho yakamfifia, mapafu yakawa yanamkoroma, akawa wa kulala tu katika chumba cha nyuma ya duka, na bado hakulia. Gwanda aliogopa jambo moja tu duniani, mama yake afe na kilio hicho kifuani. Ndiyo maana kila shanta lililoingia dukani alilipekua.

Asubuhi hiyo aliingia mzee mmoja aliyejinyoosha, koti limepigwa pasi, nishani zimepangana kifuani, fimbo mkononi. Mtaani kwake walimwita Afande na yeye alilipenda jina hilo kuliko lake. Alitua shanta mezani.

"Kijana," alimwambia Gwanda, ambaye kichwa kizima kilikuwa mvi, "watu wa makumbusho wanalitaka hili. Ila wanasema kwanza mjuzi athibitishe lilikotoka. Nililivaa mwenyewe, tangu risasi ya kwanza hadi ya mwisho."

Gwanda aliligeuza. Turubai lilikuwa la jeshi lile lile lililokimbia. Bizimu zilikuwa ngeni, zimetiwa baadaye na mtu asiyejua kazi. Alipofika pale mikanda inapopishana kifuani, akakuta vitundu vya sindano. Alivipapasa kwa kidole gumba. Viwili vya kawaida, cha tatu kimetobolewa mara mbili. Viwili tena, cha tatu mara mbili. Kati ya nyuzi za turubai palikuwa na kipande cha uzi wa buluu, uzi wa magodoro. Duniani alikuwa amemwona mtu mmoja tu anayerudia kila mshono wa tatu, na mtu huyo alikuwa anakohoa nyuma ya pazia.

Akamnyooshea mzee shanta.

"Livae, Afande," alisema kwa sauti ya upole ambayo mkewe angeishtukia. "Nione mikanda inavyokaa."

Afande akalivaa huku akivimba kwa fahari. Gwanda akapiga komeo mlango wa mbele. Akaikutanisha ile mikanda kifuani mwa mzee, akachukua shazia, akapitisha mshono wa kwanza.

"Wewe, unafanya nini?" Afande alicheka.

Mshono wa pili ulipita kwenye koti na nyama. Kicheko kikageuka yowe. Fimbo ilimpiga Gwanda kwenye paji la uso, ngozi ikapasuka, damu ikamwingia machoni. Gwanda alimkamata mzee kisogoni akambamiza uso mezani, mara moja, mara ya pili. Jino lilidondoka kati ya vifungo vya magwanda vilivyotapakaa mezani. Akamwangusha chini, akamkalia tumboni, akashona. Nishani ziling'oka zikatawanyika sakafuni.

"Mwenye shanta hili yuko wapi?"

"Ni langu!"

Sindano iliingia tena. Mzee alimng'ata mkono hadi damu. Gwanda akamtandika ngumi ya pua.

"Alishonwa na mama yake mbele ya bunduki yako. Yuko wapi?"

Afande akaacha kupigana. Macho yalimtoka pima. Alikuwa ameuona uso wa yule kijana katika uso wa Gwanda, au ameukumbuka ule ua wa magodoro, vyovyote vile alikuwa amejua.

"Mtoni," alisema huku akitema damu. "Tulikuwa tunapigwa risasi. Niliwatanguliza wabebaji majini tupime kina. Yeye aliteleza. Alikuwa na masanduku ya risasi mgongoni. Aliita apewe kisu."

"Ulikuwa na kisu?"

Mzee aligeuzia uso pembeni.

"Nakuuliza ulikuwa na kisu!"

"Nilikuwa nacho. Nilimkatia nyuzi baadaye, tulipomvuta nje. Risasi tulizihitaji."

Gwanda aliona giza. Mkono wake ulikuwa umeshaokota kisu cha kukatia turubai bila kumwomba ruhusa, na ncha ilikuwa kooni mwa Afande.

"Mlimwacha wapi?"

"Nikikwambia utaniua."

"Usiponiambia nakuua sasa hivi."

"Basi niue," mzee alisema akilia, "nife na pahala pake."

Na Gwanda angemuua. Mkewe alikuwa akigonga mlango wa mbele, "Baba watoto, fungua! Utaua mtu!" naye hakusikia. Alikuwa anasikia kaka yake akiomba kisu. Koo la mzee lilikuwa limeanza kuchuruzika damu.

Pazia likafunguka. Mkewe alikuwa amezunguka uani, sasa amemshika mama mkwe kwapani, na mama alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa juhudi ya kusimama. Maneno yote aliyasikia.

"Weka kisu," alisema. "Ukimchinja, mimi nitamuuliza nani?"

Gwanda akakiweka.

Mama alishushwa sakafuni kando ya Afande. Vidole vyake vilipita juu ya mikanda, vikakuta vitundu vya zamani, vikatulia hapo muda mrefu. Kisha vikapapasa nyuzi mpya.

"Nani kashona hivi?"

"Mimi, mama."

"Miaka yote hiyo dukani, bado unashona kama kuku anayeparua." Akanyoosha mkono apewe shazia. Alifumua mishono ya mwanawe akaishona upya kwenye vitundu vile vile, viwili, na cha tatu akarudia. Afande hakuthubutu hata kupumua kwa nguvu. Alipokata uzi kwa meno, mama alimwinamia sikioni.

"Hakuna atakayekuua. Utanipeleka kwa mwanangu."

Walikodi gari. Njia nzima mama alimshika Afande mkanda wa bega. Pahala penyewe palikuwa kando ya mto ule, chini ya daraja bovu, penye mawe mengi. Gwanda alitaka kuchimba, mama akakataa. Afande alichimba kwa mikono, kucha zikamtoka, damu ya pua ikidondokea udongo, hadi alipofika kwenye mifupa. Gwanda aliitoa mmoja mmoja, akaifuta kwa shati lake, akaipanga ndani ya shanta kwenye mgongo wa yule mzee.

"Nifungueni sasa," Afande alisihi. "Nimewaonyesha. Linanikata mabega."

"Nyumbani," mama alisema.

Alilibeba hadi uani kwa mama, pale pale magodoro yalipokuwa yakishonwa. Hapo akapiga magoti mwenyewe, bila kuambiwa. Mama akaomba kisu. Alikata uzi wa kwanza, akakata wa pili, na kila uliokatika aliuweka mapajani mwake.

"Nakufumua, mwanangu," alisema. "Tulia. Nakufumua."

Uzi wa mwisho ulipokatika, shanta lilimshukia mikononi. Akalikumbatia, na ndipo alipolia.