Antena ya Nyumba ya Shangazi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba taa ya modemu hubadilika rangi ninapopiga deki. Nikifika kwenye kona ya kabati la vyombo, taa nyekundu inakuwa ya kijani. Nikisogea, inarudi nyekundu. Niliinama nikatazama. Waya ulipita chini ya kabati ukabanwa na mguu wa nyuma, na pale ulipobanwa ganda lilikuwa limechubuka. Nikiukanyaga kwa kidole gumba cha mguu, mtandao unakuja. Nikiuachia, unakata.

Nilitaka kusema. Lakini Mjomba, mume wa Shangazi, alikuwa kwenye simu na watu wa kampuni ya mtandao, na mimi siwezi kuingilia maneno ya wakubwa.

"Nimeizima nikaiwasha mara tisa," alikuwa akiwaambia. "Ya kumi njooni muizime wenyewe."

Kisha akaiona taa. Akaniona mimi. Akakata simu.

"Usitikisike," akaniambia.

Mjomba alikuwa mtunza stoo miaka thelathini kabla ya kustaafu, na kwake kitu kisichoandikwa hakijatokea. Akaleta daftari. Akaniambia nitoke: nyekundu. Nirudi: kijani. Akanijaribu nikiwa nimebeba sufuria, nikiwa nimegeukia mlango, nikiwa nimevua hereni. Mwisho akaandika mstari mmoja na kuusoma kwa sauti.

"Binti ana mawimbi."

"Mawimbi gani?" Shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Hayo hayo yanayotakiwa."

Hata hapo ningeweza kusema. Ila saa kumi alasiri mtoto wao wa miaka kumi na mmoja, ambaye tunamwita Meneja kwa sababu hata maji ya kunywa huagiza, alifungua kompyuta mezani, hatua mbili mbele yangu. Ilikuwa saa ya tuisheni. Mwalimu alitokea kwenye kioo, mama mwenye miwani, akaandika ubaoni neno moja: Sehemu.

Mimi niliacha shule darasa la tano, wiki ile ile tulipoanza sehemu. Nilikuwa nimejifunza kuzijumlisha zile ambazo namba ya chini, yaani asili, inafanana. Zisipofanana inakuwaje, sikuwepo siku hiyo. Nimejiuliza miaka sita, nikifua, nikichota maji, nikisubiri usingizi. Sasa yule mama akasema, "Tutakwenda polepole. Baada ya wiki mbili tutafika kwenye asili tofauti."

Nikakanyaga waya, nikanyamaza.

Basi kila saa kumi nikawa nasimama pale kama nguzo. Jikoni chakula kikaungua mara mbili.

"Mimi niliomba mtu wa kunisaidia kupika," Shangazi akasema, "si antena."

"Chakula kinaweza kusubiri," Mjomba akajibu. "Elimu haisubiri."

"Basi jioni ule elimu."

Habari zikatoka nje. Jirani yetu, mshona nguo, akaja na futi yake shingoni. "Shoga, niazimeni binti nusu saa. Dada yangu anapiga video na mimi namwona vipande vipande."

Nikaazimwa. Nilisimama sebuleni kwake, kwenye zulia, bila waya wowote chini ya mguu, na dada yake akatokea safi mpaka jino lake la dhahabu likaonekana. Mshona nguo akanishika mkono kwa heshima. Mimi nilikitazama kidole changu gumba kwa mara ya kwanza nikiwa na wasiwasi.

Siku ya kumi na nne, siku ya asili tofauti, kampuni ikakumbuka kuleta fundi. Alifika saa kumi kasorobo. Alinisogeza kwa adabu, "Samahani, dada," akalala chali, akatoka na kipande cha waya mkononi. Akaweka mpya. Taa ikawa ya kijani na mimi nikiwa mlangoni.

"Kwisha, mzee. Waya ulichubuka."

"Na binti?"

"Binti hahusiki."

Mjomba akafungua daftari. "Mimi nina kurasa kumi na nne hapa. Wewe una nini?"

"Nina waya," fundi akasema.

"Haya, antena," Shangazi akaita, akifurahi kuliko wote. "Vitunguu vinakungoja."

Nikaenda. Nilimenya kitunguu huku nikisikia sauti ya mwalimu ikipenya ukutani vipande vipande: asili, kisha kitu, kisha tofauti, kisha kisu cha Shangazi kwenye ubao. Miaka sita, na sasa kilichonizuia ni ukuta na kitunguu. Machozi yalinitoka, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Picha imeganda," Mjomba akapaza sauti sebuleni. "Binti arudi."

"Mzee, haijaganda," fundi akasema. "Mwalimu amenyamaza, anafikiri."

"Arudi."

Nikarudi na kitunguu mkononi. Nilisimama kwenye kona yangu kwa miguu yote miwili, bila kukanyaga chochote, na mwalimu akaeleza. Unatafuta namba ambayo asili zote mbili zinaingia, unazibadilisha zifanane, basi. Ilikuwa rahisi hivyo.

Kisha akaandika tatu juu ya nane, kujumlisha moja juu ya tatu, akamtaka Meneja ajibu.

Meneja akaitazama hesabu. Akaacha mdomo wazi, akajikausha kama sanamu. Kisha akasema kwa sauti ya kukatika, "Mwa... limu... mtandao... unakata."

Taa ilikuwa ya kijani kabisa. Fundi akageukia dirisha, mabega yakimtikisika. Mjomba akanikazia macho.

"Binti," akasema, "kaza."

Nikakaza.

Mwalimu akasogea karibu na kioo, miwani yake ikajaa kioo kizima. "Mnanisikia? Kuna mtu hapo?"

Nilikuwepo, Mwalimu. Mtandao haukukata. Namba zote mbili zinaingia kwenye ishirini na nne: ile ya kwanza inakuwa tisa, ya pili inakuwa nane. Jibu ni kumi na saba juu ya ishirini na nne.