Pikipiki Iliyopimwa Kama Gauni

Fundi alikuwa ameshona magauni ya maharusi, sare za wauguzi na mapazia ya ukumbi mzima, kwa hiyo hakuona sababu ya kibao cha namba cha pikipiki kumshinda. Yote ni kupima, kukata na kufunga. Tena pikipiki ina adabu kuliko wateja, haisemi, "Hapa kiunoni panabana."

Shida ilikuwa mfuko wa kupelekea nguo. Aliufunga nyuma kwenye keria, nao ukaning'inia na kuifunika namba gubigubi. Askari wa barabarani walikuwa wamemsimamisha mara nyingi mpaka wakaanza kumwuliza hali ya watoto. Akaamua: kibao kinashuka chini ya taa ya nyuma, mahali ambapo mfuko haufiki.

"Mpe shemeji yako akufanyie," alisema mama mkwe wake. Pikipiki ilikuwa ya mama mkwe, na ufunguo aliugawa yeye. "Ndiye mwanamume wa spana."

Mwanamume wa spana alikuwa ameegemea mlango, spana ikichungulia kutoka mfuko wa nyuma wa suruali. Ilichungulia hivyo miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kuiona ikitoka nje.

"Shemeji, hiyo siyo blauzi," akacheka.

"Na wewe siyo fundi, mbona tunakuvumilia?"

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Haya, fanya," mama mkwe akamwambia Fundi. "Lakini ukiiharibu, ufunguo nampa huyu, na nguo zako utazipeleka kwa miguu."

Fundi akapiga hesabu. Bila pikipiki, wateja wa upande wa pili wa mji wangemhama wote.

Akaipandisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likaning'inia. Akakata patani ya karatasi ngumu, akatia alama za matundu kwa chaki, akajaribu kuibana kwa pini. Chuma kikakataa. Akakitukana kidogo, akatumia utepe wa gundi. Bolti alizoea kuziweka palepale anapoweka pini, yaani mdomoni, kwa hiyo jirani aliyepita akimsalimu alijibiwa kwa mlio wa nati. Akatoboa bamba la kushikia kibao kwa drili ya kuazima, akalifunga chini ya fremu, na kati ya kibao na tairi akaacha vidole vinne.

"Nafasi ya kupumua," akaiambia pikipiki.

Kikapendeza kweli. Mama mkwe akatoka amevaa gauni la zambarau aliloshonewa na Fundi mwenyewe, lile alilodai limerudi na kumbana baada ya kufuliwa. "Nipeleke kwenye kikao cha akina mama. Tuone kazi yako."

Akapanda. Pikipiki ikaguna, ikatulia. Walipofika kwenye tuta, mbele ya saluni, nyuma yao kikatoka kilio cha bati linalosagwa. Harufu ya mpira ikapanda. Vichwa vyenye rola vikajaa dirishani.

Fundi akashuka, akachungulia. Kibao kimejikunja kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Hapo akajipiga paji la uso. Mteja wa sketi humwambia akae kwanza ndipo ampime, maana mwili ukikaa hubadilika. Pikipiki nayo ikikaliwa, shokapu hubonyea na tairi hupanda. Yeye aliipima ikiwa imesimama, tumbo limevutwa ndani!

"Ni nini?" mama mkwe akauliza.

"Kosa langu, mama. Niliipima bila mtu. Na hata ningempandisha mtu, asingekuwa wa kipimo chako."

Rola dirishani zikasogea mbele.

"Kipimo changu kimefanyaje?"

"Kimeongezeka. Gauni halikurudi, mama. Wewe ndiye uliyesonga mbele."

Saluni ikapasuka kwa kicheko. Shemeji mtu, aliyewafuata tangu nyumbani, naye akafika mbio, anahema kama aliyefukuzwa. "Nilisema mimi! Mama, nipe ufunguo!"

"Kwanza toa hiyo spana, urekebishe."

Spana ikatoka mfukoni mara ya kwanza mbele za watu. Ilikuwa ya mtungi wa gesi. Bolti ikapwaya ndani yake kama mtoto kwenye koti la baba yake.

"Tatizo siyo spana," akajitetea. "Kwa uzito huu, mama, hata lori lingegusa."

Mama mkwe akamtazama mpaka akaanza kurudi kinyumenyume. "Nenda nyumbani. Kwa miguu." Kisha akamgeukia Fundi. "Utaweza?"

"Ukikaa nikupime."

Akakaa, mkoba mapajani, shingo juu kama anayepigwa picha. Fundi akapiga magoti barabarani, akavuta utepe wa kupimia, akachora chaki kwenye fremu. Akatoa spana yake kwenye mfuko wa nguo, akaligeuza bamba lielekee nje, mbali na tairi, akakinyoosha kibao kwa kisigino cha kiatu. Wakalirudia tuta mara tatu, saluni ikihesabu kwa sauti. Kimya. Kibao hakikuguswa.

Kwenye geti la kikao mama mkwe akashuka, akalinyoosha gauni.

"Ufunguo kaa nao," akasema. "Lakini umetaja unene wangu mbele ya saluni nzima. Niombe radhi."

"La kupima nilikosea, na nimelirekebisha," Fundi akajibu, akiwasha pikipiki. "La unene siombi radhi, mama. Leo siombi, na ukitoka kikaoni nikija kukuchukua, bado siombi."