Miche ya Bwana Mkubwa

Bibi alikizunguka kitalu mara ya tatu, na muuza miche akaanza kumchoka. Alikuwa ameshamweleza haja yake: vichaka vya kupanda mahali pa jua kali, jua la asubuhi hadi jioni, pasipo kivuli hata cha kumsitiri kuku. Muuza miche akamwonyesha bogenvilia. Bibi akasema ina miiba. Akamwonyesha oleanda iliyojaa maua, tena ikifurahia jua kuliko mjusi. Bibi akarudi nyuma. Hiyo alisikia ina sumu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

“Bibi, watu hawali maua,” muuza miche alisema.

“Yupo anayekula.”

Huyo alikuwa mjukuu wake, waliyemwita Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyotembea kitumbo mbele kama mwenye kiwanja. Miezi michache nyuma bibi aligeuka kuanika nguo, na alipogeuka tena alimkuta ameshika tawi la mnyaa uliozunguka nyumba, utomvu mweupe umemjaa kidevuni. Walimkimbiza hospitali, akapona. Ila tangu siku hiyo mkwe wake, mama wa mtoto, hakumwacha tena kwa bibi. Huja naye, humpakata, hunywa chai kwa adabu zote, kisha huondoka naye. Hakuna aliyemgombeza bibi, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Afadhali angetukanwa yakaisha.

Mnyaa aliung'oa wote kwa mikono yake. Uwanja ukabaki mtupu unawaka jua, hata mkwe akatamka, kwa upole, kwamba mtoto hana pa kuchezea. Akasema Jumamosi watakuja. Bibi aliyageuza maneno hayo kila upande. Akiiridhia bustani, labda atamwacha mtoto. Asiporidhika, basi tena.

Akanunua mhibiskasi, rosmari, mhina, na kichaka kimoja chenye maua madogo ya njano ambacho muuza miche alikiita “kipenda jua”, jina lililoonekana wazi kuwa amelibuni papo hapo. Aliapa kwamba hakina neno. Muuzaji naye haapi kwa hasara yake.

Alivipanda jioni ile ile. Asubuhi ya Jumamosi, akivimwagilia maji, wasiwasi ukampanda kichwani. Marehemu mama yake alikuwa na njia yake ya kulijua jani la porini: unalitafuna kidogo, unatema, unasubiri. Ni njia ya kijinga, bibi alijua, lakini hofu ikiingia ndani akili hutokea dirishani. Akachuma majani. Rosmari ikamnukia puani tu. Mhibiskasi ukateleza kama bamia. Mhina ulikuwa mchungu, basi. Kile cha njano kilikuwa na utamu kwa mbali. Akapumua, akaongeza jani la pili ili awe na hakika. Ulimi ukaanza kuwaka, midomo ikawa mizito.

Geti likagongwa. Mkwe alikuwa amewahi, mtoto kiunoni.

Bibi akajifunika mdomo kwa mtandio. Mkwe akamsalimu, akajibiwa kwa mguno; akausogeza mtandio na kuona midomo iliyovimba. Ikabidi bibi aeleze yote, kwa ulimi uliogoma kugeuka: kitalu, muuza miche, jani moja moja. Mkwe alimweka mtoto chini, akaking'oa kile kichaka cha njano na kukitupa nje ya geti, akakimbilia maji, akamsukutulisha, kisha akampigia simu dereva wa teksi.

Wakati huo Bwana Mkubwa alikuwa ameshafika kwenye mhibiskasi na kunyofoa jani. Bibi alitaka kupiga kelele, sauti ikakwama. Akamshika mkwe mkono, akaonyesha kwa kidole. Sasa ndiyo imekwisha, aliwaza.

Mkwe akatazama.

“Huo umeuonja, mama?”

Bibi akaitikia kwa kichwa.

Mkwe akamwacha mtoto na jani lake. Akamfuta bibi kidevu kwa ncha ya mtandio, taratibu.

“Mtoto nitakuachia,” alisema. “Wewe sasa, mama, nitakuacha na nani?”