Vidole vya Cheko

Fundi alikuwa na wivu kabla hata hajaoa. Siku aliyokwenda kujitambulisha ukweni alimkuta mchumba wake akicheka mlangoni na kijana aliyeleta mtungi wa gesi, akakaa kikao kizima amenuna, hadi baba mkwe akauliza kama mgeni anaumwa tumbo.

Mchumba huyo, ambaye sasa ni mkewe wa miaka mingi, majirani walimwita Cheko, kwa sababu alicheka na kila mtu. Alicheka na muuza maji, alicheka na mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, na akienda kumwona mgonjwa hospitalini alimwacha mgonjwa anacheka. Watu wengine walikichukua kicheko hicho kama upepo, kinapita tu. Kwa Fundi kila kicheko kilikuwa na mwenyewe, na kazi yake ilikuwa kumtafuta huyo mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi wa vigae, tena fundi kweli. Bafu aliloliweka yeye unaweza kulitazama siku nzima usione mstari uliopinda. Cheko alikuwa anafulia watu nguo: sare za wauguzi, mashuka ya nyumba ya wageni, mapazia ya kituo cha kulelea watoto kilichokuwa mtaa wa pili. Ni hapo kituoni bahati ilipomwangukia. Mwalimu mkuu alimwona mara kadhaa akipeleka mapazia huku mtoto wa mtu amemng'ang'ania mguuni, akamwuliza kama angependa kuacha mabeseni aje kulea. Cheko alikubali kabla sentensi haijaisha. Lilibaki jambo moja tu. Sheria inataka kila anayefanya kazi na watoto aende mwenyewe polisi, aombe achunguzwe, alete cheti kinachosema hana kosa la jinai. Muhula ulikuwa karibu kuanza.

Fundi hakuipinga kazi. Alisema tu kwamba atamsindikiza, na mwenye bafu alilokuwa analitengeneza akaambiwa gundi haijakauka.

Chumba cha alama za vidole kilikuwa kidogo: benchi la kusubiria, meza yenye kibao cha wino, sinki la kunawia lisilo na taulo. Nyuma ya meza alisimama afande mmoja wa rika la Fundi, shati limepigwa pasi likasimama. Cha kwanza Fundi alichokiona ni kucha zake, safi kama za mtoto mchanga. Akaficha za kwake chini ya mapaja.

Afande alimpokea Cheko kwa heshima, akamwuliza anaomba cheti cha kazi gani, akaandika. Kisha akamshika mkono.

"Legeza mkono, dada. Usinisaidie. Niachie mimi."

Akachukua kidole gumba, akakibiringisha kwenye wino, akakibiringisha kwenye kadi, taratibu, kutoka ukucha hadi ukucha. Cheko akacheka, akasema anatekenywa. Afande naye akacheka, akamwambia akiendelea kutikisika hivyo kadi itaonyesha watu wawili. Pale kwenye benchi damu ya Fundi ilikuwa inachemka. Alikisindikiza kila kidole kwa macho kutoka kwenye kibao hadi kwenye kadi, na hakuwahi kujua kama kidole cha mtu kinaweza kuchukua muda mrefu kiasi kile.

Mwisho afande akaweka lenzi juu ya kadi, akatikisa kichwa, akarudia mkono mzima. Bado. Akaeleza kwamba vidole vimelika kwa sabuni, mistari imefutika, na kadi kama ile makao makuu wataikataa. Cheko aende nyumbani, asifue, asioshe vyombo, asiguse sabuni ya unga, apake mafuta ya mgando asubuhi na jioni, arudi baada ya wiki mbili. Kisha akageukia benchi.

"Na wewe, bwana, utamsaidia kidogo."

Njiani Fundi hakuweza kuyameza tena yaliyokuwa moyoni. Akasema ni ajabu, maana yeye hajawahi kusikia mtu asiye na vidole, na kwamba wapo wanaume wenye ujanja wa kumrudisha mtu wanapotaka.

"Kwa hiyo afande ndiye aliyenilia vidole, ili nirudi?" Cheko akauliza.

Fundi akasema hajasema hivyo. Alikuwa amesema hivyo hivyo, kwa maneno mengine.

Basi ikawa Fundi anafua. Mashuka ya nyumba ya wageni hayangeweza kusubiri, na Cheko hakutaka kuwapoteza wateja kabla kazi mpya haijawa mkononi. Yeye alikaa kwenye kigoda mlangoni, mikono imelala mapajani inang'aa mafuta, akatoa amri: anza na kola, usikamue hiyo, geuza ndani nje kabla ya kuanika. Wanawake wa pale uani walipita polepole kuliko kawaida. Mmoja akamwuliza Fundi anachukua kiasi gani kwa blanketi. Fundi alijikaza kisabuni, akacheka nao, akasugua.

Lakini ndani roho ilikuwa inamuuma. Kila shuka aliloliosha lilikuwa linaisogeza siku ya kurudi kwa afande. Jioni Cheko aliinua vidole kwenye taa, akamwita aje aone, mistari imeanza kurudi, tazama hiki, tazama na hiki. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu alichokuwa hajui kama amekipoteza. Mume mwingine angefurahi naye. Fundi aliona vidole vinapambwa kwa ajili ya mgeni.

"Safari hii afande hatapata taabu," Cheko alisema, bila nia yoyote.

Fundi hakulisahau neno hilo. Asubuhi iliyotangulia siku ya kurudi polisi, alichukua ovaroli yake ya kazini, iliyoganda saruji na gundi ya vigae mpaka inasimama yenyewe, akailoweka kwenye beseni kwa maji ya moto na sabuni. Akamwambia mkewe asiiguse, atakuja kuimalizia. Maneno yalikuwa mazuri. Ila alimjua Cheko. Tangu waoane, mwanamke yule hajawahi kuiacha nguo ikalowa hadi mchana. Alisema inampigia kelele. Na Fundi aliijua saruji kuliko mtu yeyote katika ule mtaa.

Kazi yake ilikwisha mapema siku hiyo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye jiko la watu, akatazama vigae vyake hadi jua likapungua. Aliporudi, ovaroli ilikuwa kwenye kamba, safi, na Cheko alikuwa ameketi kigodani akipuliza mikono. Alisema hakuweza kuvumilia. Alivaa mifuko ya plastiki, ikachanika. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu na ngozi imeanza kuinuka.

Kesho yake afande hata wino hakuufungua. Aliigeuza mikono ya Cheko juu chini, akauliza imegusa nini. Cheko akasema saruji. Afande akauliza nani pale nyumbani anafanya kazi ya saruji. Cheko akageuka kumtazama mumewe kwenye benchi, na Fundi akalitazama sinki. Afande hakuuliza tena. Alisema ngozi hiyo itabanduka kwanza ndipo iote nyingine, huenda mwezi, huenda zaidi, na kwamba anasikitika.

Njia nzima Cheko hakucheka na mtu. Muuza maji alimsalimia kwa utani wake wa kila siku, akajibiwa salamu tupu.

Walipofika ndani alifunga mlango.

"Fundi, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Saruji. Miaka yote unanikataza kushika ndoo yako kwa mkono mtupu. Ulijua?"

Angeweza kusema alisahau. Alikuwa na uongo wa kutosha mdomoni. Lakini Cheko alikuwa amenyoosha mikono mbele yake kama mtu anayeonyesha chombo kilichovunjika, na uongo ukamkwama. Akasema ndiyo, alijua. Akasema yule mtu anamshika mkono, anamchekea, na yeye amekaa pale kama mzigo.

Cheko aliishusha mikono.

"Ningekuwa nimekupa sababu hata moja, nisingeumia hivi," alisema.

Hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akaandika kwenye karatasi mashuka ya nani yako wapi, akaenda kwa dada yake mkubwa. Binti yao alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilibaki na Fundi na kamba ya nguo.

Alipiga simu kila siku, na kila siku simu aliipokea shemeji. Cheko amekula. Cheko amepumzika. Cheko hataki kuongea. Mara moja alimsikia kwa nyuma, anacheka na mtu, na badala ya kufarijika akakaa hadi chai ikapoa akijiuliza pale kwa shemeji huwa anaingia nani.

Hatimaye alikata shauri kwenda kwa afande. Alijiambia anakwenda kuomba cheti chake, kwa maana siku hizi hata makampuni ya ujenzi yanakidai. Ukweli ni kwamba alikwenda kufumania. Alikaa mwisho wa benchi, nyuma ya mlinzi mwenye ndevu na mzee aliyekuwa anaomba udereva wa basi la shule, akafungua macho na masikio.

Mlinzi aliitwa. Afande akamshika mkono. "Legeza mkono, kaka. Usinisaidie. Niachie mimi." Mlinzi akasema anatekenywa, na afande akamwambia akitikisika kadi itaonyesha watu wawili. Akaja mzee dereva, mkono ule ule, maneno yale yale, na utani ukatolewa tena bila kubadilishwa hata silabi. Mzee alicheka sana. Fundi aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni.

Zamu yake ilipofika afande alimtambua ila hakusema. Aliushika mkono wa Fundi kama fundi viatu anavyoshika kiatu, akabiringisha kidole kimoja kimoja. Kwenye kadi yakabaki madoa meusi, hakuna mstari hata wa dawa.

"Wewe hata ukivunja benki hatutakupata," afande alisema, akamkabidhi kitambaa. Kisha akashusha sauti. "Mkeo alikuja jana na dada yake. Nimemwandikia barua aipeleke kwenye kituo cha watoto, kwamba ombi lake linashughulikiwa."

Hata pale, na aibu yote ile, wivu ulimchoma: jana alikuwa hapa, na mimi sikuwapo. Akauliza alikuwa anaonekanaje.

"Kama mtu aliyechoka."

Fundi alifuta vidole muda mrefu. Akasema saruji ile aliiweka yeye.

"Nilijua ulipolitazama sinki," afande alisema. "Nimeandika tu kwamba ngozi imeungua. Sababu ni ya nyumbani kwenu."

Kutoka pale Fundi alikwenda moja kwa moja kituo cha kulelea watoto. Mwalimu mkuu alimpokea ofisini huku anapanga vikombe vidogo. Fundi alimwambia kwamba kuchelewa kwa cheti si uzembe wa mkewe wala si kwamba kuna kosa linafichwa. Ni yeye mume aliyemharibia vidole, kwa wivu. Aliutaja hivyo hivyo, kwa jina lake. Mwalimu mkuu aliacha vikombe, akamtazama juu ya miwani, akasema nafasi ya Cheko ataishikilia kwa muda, na mlango uko pale.

Ngozi iliota. Cheko alikwenda na dada yake, alama zikatoka, na baada ya siku za kungoja cheti kikaja kikisema kwamba hana rekodi yoyote. Haya yote Fundi aliyasikia kwa shemeji, aliyeongeza kwamba mwalimu mkuu amewasimulia habari ya mwanamume mmoja aliyeingia ofisini kwake kujishtaki.

Jumamosi moja Cheko alikuja kuchukua pasi. Alikuta nyumba imefagiwa na mashuka ya watu yamekunjwa, si vizuri sana. Akakaa. Fundi akaweka chai mbele yake, akaomba radhi bila kuizungusha.

"Nikirudi, nitacheka na nimtakaye," Cheko alisema.

"Cheka."

"Na roho ikikuuma?"

"Itaniuma."

"Kimya kimya?"

Fundi alifikiri. "Nitajitahidi," akasema.

Cheko alinywa chai yote kabla ya kujibu kwamba vitu vyake viko kwa dada, na ni vizito.

Wiki ya kwanza ya kazi alirudi kila jioni na habari. Kuna mtoto anayelala amesimama, kuna mwingine anayeficha viatu vya wenzake. Siku moja akasimulia kuhusu baba fulani ambaye mkewe yuko safarini, na kila asubuhi humleta mtoto mwenyewe, na hakubali kuondoka hadi amemwimbia wimbo mzima pale mlangoni, walezi wote wamesimama wanamsikiliza.

Fundi alikuwa anamenya viazi. Lile jambo likampanda kifuani kama kawaida yake, na maswali yakajipanga mdomoni: ni baba wa umri gani, anavaaje, mkewe anarudi lini. Kisu kikasimama. Cheko aliona kisu kimesimama, akanyamaza.

"Anaimba vizuri?" Fundi akauliza.

Cheko alimtazama kwa muda.

"Vibaya kupita kiasi," akasema, akaanza kucheka, akajaribu kuiga sauti ya yule baba ikamshinda kwa kicheko.

Fundi naye akacheka, kidogo na kwa kuchelewa. Moyoni bado alitaka kujua baba huyo hufika saa ngapi.