Gari Alilolitaka Kobe

Tulimwita Kobe, wala hakuchukia. Alikuwa mhandisi mkuu wa betri katika kiwanda chetu cha magari, mtu wa kutafuna neno mara tatu kabla ya kulitoa. Nilipoajiriwa, binti mbichi mwenye cheti na mdomo mrefu, yeye ndiye aliyenishika mkono. Nilimwita kaka. Yeye aliniita mdogo wangu, hata mbele ya wakubwa.

Wakati ule viwanda vyote vilishindania gari la umeme la kwenda mbali zaidi. Kobe akashika njia yake. Kwa miezi miwili alisimama kwenye maegesho ya hospitali, shule na masoko, akiwauliza watu swali moja tu: leo umeendesha kutoka wapi hadi wapi? Aliwauliza wauguzi, walimu, muuza mikate, fundi bomba. Karibu wote hawakuzidi kilomita arobaini kwa siku.

"Mdogo wangu," aliniambia, "watu wana kiu ya kikombe, sisi tunawauzia pipa. Betri ndiyo inayolifanya gari kuwa ghali. Tuikate nusu, na mwalimu naye anunue."

Tulichora pamoja gari dogo la milango minne, betri yake chini ya viti, la kuchajiwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani. Nilijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba ni gari jema.

Siku ya kikao, mkurugenzi aliitazama michoro kama mtu aliyeletewa chai iliyopoa. Kisha akanigeukia mimi, si Kobe.

"Wewe ndiye kijana hapa. Ungelinunua hili?"

Kila mtu mezani alijua jibu alilolitaka. Wiki ileile alikuwa amenidokezea habari za cheo. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi mitano na mume aliyeachishwa kazi.

"Hapana," nikasema.

Kobe hakunitazama. Alikusanya michoro taratibu, akalinganisha kingo zake, akatoka. Mwezi uliofuata aliacha kazi. Mimi nikapewa ofisi yake, na kiti chake pia, kikiwa bado kimebonyea pale alipozoea kukaa.

Tukatengeneza gari kubwa, zuri, la kwenda mbali. Lilisifiwa na wengi, likanunuliwa na wachache. Mwaka wa tano akaja mkurugenzi mpya, akataka gari dogo la watu wa kawaida, la kwenda kazini na kurudi. Sikuhitaji kuumiza kichwa. Nakala za michoro ya Kobe zilikuwa kabatini kwangu.

Katika miaka hiyo yote sikuwahi kukanyaga kwake. Nilisikia amepata kiharusi, nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi zikafuatana. Husemwa majuto ni mjukuu; wangu alikuwa ameshaota meno, na alikuwa akiniuma.

Gari dogo la kwanza lilipofaulu majaribio, nililiendesha mwenyewe hadi nyumbani kwake. Mkewe alifungua mlango, akanitazama kutoka utosini hadi viatuni.

"Kumbe unapajua," akasema.

"Wifi, nisamehe."

"Si mimi wa kukusamehe. Pita, yuko ndani."

Kobe alikuwa amekonda. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama si wake. Maneno, ambayo tangu zamani hakuwa na haraka nayo, sasa yalimtoka moja moja, kwa jasho.

"Mdogo wangu," akasema. "Umenenepa."

Nikacheka.

Mimi na wifi tulimsaidia kukaa kiti cha mbele, tukamfunga mkanda. Nikaendesha hadi sokoni, tukapita shuleni, tukazunguka hospitali. Kwa mkono wake mzima alipapasa dashibodi, akafungua droo, akaifunga, akaegemeza kichwa asikilize mota. Macho yake yalikuwa yale ya zamani, ya kutafuta kasoro.

Niliegesha kando ya barabara kwa sababu nilikuwa sioni vizuri.

"Kaka, siku ile nilidanganya. Ningelinunua. Niliogopa tu."

"Najua. Nilikaa ubavuni mwako. Goti lako lilitetemeka mpaka meza ikatikisika."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ulikuwa na mtoto mchanga." Akapumzika, akiyatafuta maneno mengine. "Neno lile lilinitoka moyoni mapema. Ila wewe... nilikungoja. Nilisema, atakuja tu."

Ningeweza kujitetea kwa lile neno la kikaoni. Nilikuwa nimejiandaa kulitetea kwa miaka saba. Kwa kutokanyaga nyumbani kwake sikuwa na utetezi wowote. Magari yakaendelea kutupita, mpaka akanigusa bega nimrudishe nyumbani.

Gari liliingia sokoni mwaka huo, na kwa mara ya kwanza maegesho ya shule ya mwanangu yakawa na magari ya walimu. Niliomba jina la Kobe litajwe siku ya uzinduzi. Nikaambiwa hotuba imeshachapwa.

Sasa nakwenda kwake kila Jumamosi. Kiharusi cha pili kilimnyang'anya usemi uliobaki, kwa hiyo naongea mimi, habari za kiwandani na za mwanangu, naye ananitazama. Wifi hunihakikishia kwamba anafurahi nikija. Huwa naitikia kwa kichwa, ingawa mimi siwezi kulisoma hilo machoni mwake, kisha namwinamia mgonjwa nimrekebishie mto.