Pedi ya Aliyeshindwa

Sitasema uongo: siku Jairus alipotangaza kwamba Bramwel ndiye atakayetuwakilisha Kisumu, nilitaka kumrushia kiti. Jairus ndiye mwenye kibanda cha gemu za mpira za kwenye runinga karibu na soko la Kakamega, na nafasi ilikuwa moja tu. Mashindano ya Kisumu huchukua watu wasiozidi miaka ishirini na mitano. Mimi ninayo ishirini na mitano kamili. Mwakani ningekwenda kutazama tu.

"Nani amepima?" nikamuuliza. "Tucheze kwanza."

"Awinja, wewe unachezanga pole pole kama mtu anakama ng'ombe," Bramwel akasema, na kibanda kizima kikacheka.

"Na maziwa hutoka," nikamjibu.

Jairus akakubali, ila kwa sharti: tukitoka sare, Bramwel anaenda.

Kwa Jairus kuna sheria ya zamani. Aliyeshindwa hushika pedi mbovu, yaani kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, katika mechi inayofuata. Vitufe vyake vya madoido vilikufa kitambo. Kilichobaki ni kijiti cha kumwelekeza mchezaji, pasi na shuti. Miezi yangu ya kwanza pale nilishindwa kila siku, kwa hiyo pedi hiyo ilikuwa kama mali yangu. Bramwel hakuwahi kukaa nayo wiki nzima. Yeye ni bingwa wa madoido: anabonyeza mara mbili, mchezaji wake anauzungusha mpira, anauruka, anapita, watu wanapiga mayowe. Mimi, kwa pedi ile mbovu, nikajifunza kutembea na mpira tu.

Jumamosi saa nane mchana tukakaa. Kwa heshima ya mechi, Jairus akaleta pedi mbili mpya. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Vitufe vyote vilikuwa vizima, watu wamejaa mlangoni, nikaona aibu kucheza kizee. Dakika ya kumi nikabonyeza doido. Mchezaji wangu akaanza kuuzungusha mpira, beki wa Bramwel akaja, nikavuta kijiti kushoto, nikavuta nyuma, wapi! Alikuwa amekwisha kuanza ngoma yake na lazima aimalize. Mpira ukachukuliwa, bao. Nilijichukia kweli kweli.

"Karibu mjini!" Bramwel akapaza sauti.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Kama mchezaji wangu hakunisikia, basi hata wa kwake hawamsikii. Kila akianza madoido, kuna nusu sekunde ambapo Bramwel mwenyewe ni mtazamaji kama sisi wengine. Tangu hapo sikumkimbilia tena. Beki wangu nilimsimamisha hatua mbili mbali, kidole hakigusi kitufe cha kukaba. Doido likiisha, mpira ukitua, namsogeza na kuuchukua. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya nne waliacha. Kabla ya mapumziko nikasawazisha kwa shuti la chini, bila mbwembwe.

Kipindi cha pili Bramwel akawa anabonyeza kwa hasira, vitufe vinalia kama bisi kwenye sufuria.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," akasema Jescah, anayeuza chai pale mlangoni, wala hakunong'ona.

Dakika ya themanini na nane, mshambuliaji wangu akabaki na kipa peke yake.

"Piga!" watu wakapiga kelele. "Piga, Awinja!"

Sikupiga. Nikamsimamisha, mpira mguuni. Bramwel akashindwa kuvumilia, akamrusha kipa. Kipa akaruka, na mpira haukuwapo alipoanguka, kwa sababu nilikuwa nimeusogeza pembeni kwa kijiti. Hatua moja, hatua mbili, nikaingia nao golini kama mama anayeingia jikoni kwake.

"Amka! Amka wewe!" Bramwel alikuwa bado anamhangaikia kipa wake.

"Hakusikii," nikamwambia. "Ulimwambia aruke. Ngoja amalize kuruka."

Filimbi ikalia, mbili kwa moja. Jescah akanikumbatia, nami nikamkumbatia kwa furaha.

Jairus akatoa fomu ya Kisumu. Jina la Bramwel alikuwa ameshaliandika. Akalikata kwa mstari mmoja, akaniangalia.

"Awinja nani?" akauliza.

Miaka mitatu nacheza kwake, na ndiyo kwanza anauliza. Nikaichukua kalamu mkononi mwake, nikaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.